Dokta anasema mtoto wa miaka 3 atahiriwe kwa sababu govi halirudi nyuma, kuna ulazima kweli?

MamaKifunguaMimba

Habari zenu wapendwa, naombeni mnisomee mpaka mwisho maana nina wiki 2 na hili jambo na usingizi umenipotea.

Nina mtoto wa kiume, ana miaka 3 na miezi 2. Alipozaliwa mimi na mume wangu tulikubaliana hatutamtahiri mpaka akue aseme mwenyewe. Mume wangu ndiye mwenye msimamo zaidi, yeye alitahiriwa mdogo na hana malalamiko yoyote ila anasema mwili ni wa mtoto sio wa kwetu. Mama mkwe hakulipenda hilo hata kidogo, lakini alinyamaza.

Sasa juzi kati mtoto alishikwa na homa nikampeleka hospitali, dokta akawa anamkagua mwili mzima, kufika kule chini akalivuta govi kwa nguvu lirudi nyuma, halikurudi, mtoto alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Akasema hii ni fimosi, govi limebana, lazima akatwe, nikapewa tarehe pale pale. Hakuniuliza anakojoaje, hakuniuliza ameshawahi kuumwa huko, hakuniuliza chochote. Jioni namvua nguo nikaona tone la damu kwenye chupi, kumbe ngozi ilichanika kidogo pembeni, na siku mbili zote alikuwa anajizuia kukojoa, anasimama anabana miguu analia ananiambia mama kunauma.

Kabla ya hapo hakuwahi kulalamika. Anakojoa vizuri, mkojo unatoka wa kutosha, ila mwanzoni govi huwa linavimba kidogo kama puto alafu linanywea lenyewe. Na chini ya ngozi upande mmoja kuna kitu cheupe kama punje, hakimuumi hata nikigusa.

Nilipomwambia mama mkwe akasema unaona, nilisema mimi, Mungu amewaonyesha. Mume wangu amekasirika anataka tusirudi pale. Mimi niko katikati. Kama ni ugonjwa sitaki mwanangu ateseke kwa ajili ya msimamo wa watu wazima, na kama sio ugonjwa sitaki akatwe kwa sababu nimeogopa. Mwenye uelewa anisaidie.

---

MkaziWaHuku

Dada mkate tu umalize. Akiwa mdogo kidonda kinapona haraka, na hatakumbuka. Tohara inazuia UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), inazuia saratani, inazuia VVU, hayo yote yameshathibitishwa. Sisi wote humu tumekatwa na tupo. Mnalikuza jambo dogo.

---

nesi_wa_watoto

Mama Kifungua pole sana, na mpe pole huyo mtoto. Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya upasuaji wa watoto miaka mingi, hawa watoto wa "govi limebana" nimewapokea mpaka siwezi kuwahesabu, na wengi nimeshuhudia wanarudishwa nyumbani bila kuguswa baada ya kuonwa na daktari bingwa.

Nianze na hili ambalo hata wahudumu wa afya wengine hawalijui. Mtoto wa kiume anapozaliwa govi lake limeshikana na kichwa cha uume, yani ngozi ya ndani imegandana na kichwa kama ukucha ulivyogandana na nyama ya kidole. Huo sio ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Linajiachia lenyewe taratibu kadiri anavyokua. Kuna daktari wa Uingereza anaitwa Douglas Gairdner aliliandika hili tangu 1949, aliona watoto wachanga ambao govi linarudi nyuma ni kama asilimia 4 tu. Baadae Jakob Øster wa Denmark akafuatilia watoto wa shule karibu 2,000, makala yake ilitoka 1968, akakuta wa miaka 6 na 7 zaidi ya nusu bado govi limeshikana sehemu fulani, ila wakifika miaka 16 na 17 ni wachache mno, asilimia 3 hivi. Bila kisu. Sasa wa kwako ana miaka 3. Kusema govi halirudi nyuma kwa mtoto wa miaka 3 ni sawa na kusema meno ya utotoni hayajang'oka.

Lile puto wakati wa kukojoa linawatisha kina mama sana. Maana yake ni kwamba ngozi ya ndani imeanza kuachia ila tundu la mbele bado dogo, mkojo unaingia pale kabla ya kutoka. Kama baada ya hapo mkojo unatoka vizuri na hasikii maumivu hiyo ni hatua ya ukuaji tu. Na hiyo punje nyeupe ni seli za ngozi zilizokufa zimejikusanya pale ambapo govi linaachana na kichwa. Watu wanadhani ni usaha wanataka kuikamua. Usiikamue, itatoka yenyewe siku moja utaiona kwenye maji ya kuoga.

Alichofanya huyo mhudumu kuvuta kwa nguvu ndicho kibaya. Ile ngozi ikichanika inapona kwa kovu, na kovu halitanuki, kwahiyo unaweza kumtengenezea mtoto fimosi ya kweli ambayo hakuwa nayo. Hatari nyingine ukilivuta likapita kichwa alafu likakwama nyuma, linakaba, kichwa kinavimba, hiyo ni dharura, mtoto akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo sio kesho.

Fimosi ya ugonjwa ipo na inaonekana kwa macho. Ncha ya govi inakuwa nyeupe, ngumu kama pete, haina ule ulaini, inapasuka pasuka na kutoka damu, mkojo unatoka kama uzi na mtoto anasukuma. Hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa ngozi unaokausha na kuweka makovu, kwa mtoto chini ya miaka 5 ni nadra, na ukithibitika hapo tohara ni tiba na mimi mwenyewe ningesaini. Nyingine ni mtoto anayepata maambukizi ya govi yanayorudi rudi, usaha, wekundu, maumivu kila baada ya muda mfupi. Na mtoto mwenye kasoro ya figo au mkojo kurudi juu kutoka kwenye kibofu ambaye UTI zinamwandama, huyo naye tohara inamsaidia kweli kweli.

Hata hivyo kabla ya kisu kuna krimu. Ya steroidi, betamethasoni ya asilimia 0.05 ndiyo inayotumika sana, unapaka kidogo kwenye ile sehemu inayobana mara 2 kwa siku wiki 4 mpaka 8, na wengi wanafunguka. Ila hiyo aandike daktari, na kwa umri wa mwanao kama hana dalili hata krimu haina haja.

Sasa hivi fanya hivi: maji ya uvuguvugu kwenye beseni akae humo akojoe humo humo, haitauma. Osha nje tu. Mtu yeyote asilivute, wala wewe, wala bibi, wala dada wa kazi. Wa kwanza kulirudisha nyuma awe yeye mwenyewe siku akiweza.

---

MkaziWaHuku

Nesi umeongea vizuri lakini hujagusa faida. Hatari ya VVU inapungua kwa asilimia 60! Nani mzazi hataki hiyo kinga kwa mwanae?

---

BabaWaWatatu

Ndugu Mkazi mimi sio mpinga tohara, wanangu wote watatu wametahiriwa, kwetu ni imani na sitaomba radhi kwa hilo. Lakini neno "jambo dogo" limenichoma nikaona niandike.

Wa mwisho tulimtahiri ana miezi 5. Kazi ilienda vizuri, ganzi ilichomwa, tukarudi nyumbani mchana, alinyonya akalala. Saa 3 usiku mke wangu anabadilisha nepi akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nepi ilikuwa nzito, nyekundu mpaka mgongoni. Tukafunga bendeji, ikalowa, tukafunga nyingine, ikalowa. Hapakuwa na mshipa uliokatika vibaya, damu ilikuwa inachuruzika tu polepole haigandi. Tulifika hospitali mtoto midomo imekuwa myeupe. Aliongezewa damu, na vipimo vya baadae vikaonyesha ana hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ishara ilikuwepo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliwahi kung'olewa jino akatoka damu siku 2, familia nzima wanaijua hiyo hadithi wanaisimulia kwenye mikusanyiko, na hemofilia inapita upande wa mama. Hakuna aliyetuuliza. Pale tulipokwenda walituuliza jina na umri. Na sisi hatukujua kwamba ni jambo la kusema.

Kwahiyo mzazi unayesoma hapa, hata kama umeshaamua na una sababu zako za dini, kabla ya siku yenyewe ulizeni pande zote mbili, kuna mwanaume huku kwetu anayetoka damu sana, anayevimba magoti bila kuanguka, anayepata michubuko mikubwa hovyo? Huyo mwanangu leo ana miaka 6, mzima, anatumia dawa zake. Lakini ile nepi sijaisahau.

---

nesi_wa_watoto

Baba asante kwa kulisema hili wazi. Na niongeze lingine la kukagua kabla: tundu la mkojo liko wapi. Kuna watoto tundu halipo kwenye ncha, lipo chini ya uume, na govi lao mara nyingi limejaa juu tu chini hakuna kitu. Mtoto huyo HATAHIRIWI mpaka aonwe na bingwa, kwa sababu ile ngozi ya govi ndiyo inayotumika kumtengenezea njia ya mkojo. Ikishakatwa imepotea. Nimeona wazazi wanalia kwa sababu hiyo.

Na kuhusu "hatakumbuka": utafiti wa 1997 ulionyesha watoto waliokatwa bila ganzi walikuwa wanalia zaidi kwenye chanjo ya miezi 4 mpaka 6 kuliko ambao hawakukatwa. Mwili unakumbuka. Mtu asikudanganye kwamba kichanga hahisi, au kwamba kitu kitamu mdomoni kinatosha. Ganzi ni lazima, umri wowote.

---

Mwanafunzi_wa_sheria

Nimefuata uzi kimya lakini hili la asilimia 60 naomba tuliweke sawa maana linarushwa sana bila kuelezwa.

Ile namba inatoka kwenye majaribio 3: Orange Farm Afrika Kusini matokeo yakatoka 2005, na Kisumu Kenya pamoja na Rakai Uganda yakatoka 2007. Yalikuwa majaribio mazuri, mpaka yakasimamishwa kabla ya muda kwa sababu tofauti ilikuwa wazi na haikuwa haki kuwanyima wale wengine. Mwaka huo huo 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakapendekeza tohara kama kinga ya nyongeza kwenye nchi zenye maambukizi makubwa. Mimi siwezi kumpinga mtu hapo, imeokoa wengi.

Lakini soma vizuri walikuwa ni kina nani. Wanaume wakubwa na vijana waliokwisha kuanza kujamiiana au wanaokaribia, walioelezwa, wakakubali wenyewe, na kinga inayozungumziwa ni ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Mtoto wa miaka 3 hana hatari hiyo leo, wala kesho, wala baada ya miaka 10. Siku hatari inakuja ndiyo siku ana uwezo wa kusema nataka au sitaki. Na sio mimi ninayesema, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 kwa hizo huduma za kinga unapendekeza kuanzia miaka 15, kwa sababu wale wadogo walikuwa wanapata majeraha mabaya zaidi, kichwa cha uume kukatwa, mkojo kutoboa njia pembeni, na pia kwa sababu ya suala la ridhaa.

UTI nayo. Ni kweli inapungua. Lakini mtoto wa kiume mwenye afya hatari yake ya kupata UTI ni kama mmoja kwa mia, mapitio ya tafiti ya 2005 yalikokotoa kwamba unatahiri watoto 111 kuzuia UTI moja, na UTI inatibika kwa antibayotiki. Kwa yule mwenye mkojo kurudi juu kwenye figo hesabu inageuka kabisa, ni watoto 4 tu, ndiyo maana nesi amemtofautisha na amefanya vyema. Saratani ya uume ni nadra sana, inawapata wazee, na virusi vya HPV vinavyohusika na sehemu kubwa ya hizo saratani vina chanjo siku hizi.

Hata madaktari wenyewe hawajakubaliana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani 2012 kilisema faida zinazidi hatari, lakini pia kikasema faida hizo hazitoshi kupendekeza watoto wote watahiriwe, wazazi waamue. Chama cha madaktari cha Uholanzi 2010 kikasema hakuna sababu ya kitabibu ya kumtahiri mtoto asiyeumwa na kwamba kitendo hicho kinavunja haki ya mtoto juu ya mwili wake. Vitabu ni vile vile, wanachotofautiana ni nani anaruhusiwa kuamua.

Na hapo sheria yenyewe inavutana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12 mtoto asikilizwe, cha 14 wazazi wana haki na wajibu wa kumwongoza kwenye dini, cha 24 mila zinazodhuru afya ya mtoto zikomeshwe. Vyote vimo mle mle. Ujerumani mwaka 2012 mahakama ya Köln iliamua kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi, ilikuwa kesi ya mtoto wa miaka 4 aliyetoka damu siku 2 baada ya kutahiriwa na daktari. Waislamu na Wayahudi walisimama pamoja kupinga, na Desemba mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuruhusu kwa masharti ya kitabibu. Mimi binafsi naegemea upande wa kusubiri, lakini siwezi kumwita mzazi anayefuata imani yake mkatili, hapana.

---

kijana_wa_zamani

Mwanafunzi nimekuelewa ila niongeze kitu ambacho hakipo kwenye tafiti.

Mimi nilitahiriwa na miaka 7. Niliambiwa naenda kupimwa macho. Nakumbuka nilikuwa na furaha kwa sababu darasani kuna mtoto alikuwa na miwani na mimi nilikuwa naitaka, njiani nilikuwa namuuliza baba itakuwa ya rangi gani na baba ananijibu, akaniambia utachagua. Tukaingia chumbani wanaume wawili wakanishika mikono na miguu, baba akanishika kichwa akaniwekea kiganja machoni. Ganzi ilichomwa, sikuhisi sana ule ukataji, kidonda kilipona bila shida, leo nina mke na watoto na kimwili sina tatizo lolote.

Lakini lile jibu la "utachagua" nimekaa nalo miaka zaidi ya 30. Sikuwahi kumuuliza baba, amefariki. Najua alinipenda na alidhani ananipunguzia hofu.

Kwahiyo mkiamua kutahiri mtoto anayejua kuongea, msimdanganye. Mwambieni itakuwaje, mwambieni itauma baada ya ganzi kuisha, mwonyesheni nguo pana mliyomwandalia, mwacheni aulize. Na akisema sitaki, na haumwi, basi mjiulize haraka ni ya nini.

---

BabaWaWatatu

Kijana wa zamani umeniliza. Pole sana.

---

mzee_wa_darsa

Assalam alaykum na salamu kwa wote. Nimeona bibi wa mtoto amesema Mungu amewaonyesha, nikaona niseme neno kwa upande wa dini, kwa upole, sijui familia ni ya imani gani.

Kwetu Waislamu tohara ni katika mambo ya maumbile safi, wanazuoni wa Shafi na Hanbali wanaona ni wajibu, wa Hanafi na Maliki wanaona ni suna. Sitaificha hiyo. Lakini umri haukufungwa siku moja kwa wote, wapo wanaofanya siku ya 7, wapo wanaosubiri mtoto apate nguvu, na mtoto mgonjwa au dhaifu anasubiriwa. Wayahudi wao siku yao ni ya 8, na hata wao kichanga mgonjwa anangojewa mpaka apone, na kwenye Talmud, kitabu chao cha sheria za dini, imo kwamba mama ambaye watoto wake wawili walikufa kwa kutahiriwa, wa tatu hatahiriwi. Ndugu BabaWaWatatu hapo utaona ugonjwa wa mwanao watu waliuona zamani sana kabla haujapata jina, na wakaweka uhai mbele.

Kwahiyo dini isitumike kumharakisha mama huyu. Kama familia inataka tohara kwa ajili ya imani, waseme ni imani, wakae chini baba na mama na bibi wakubaliane, wachague wakati mtoto mzima na mtaalamu anayejua kazi. Imani haihitaji kusaidiwa na uongo kwamba mtoto anaumwa. Hilo ndilo lililonikera kwenye kisa hiki, ugonjwa usiokuwepo umeletwa ili kumaliza mazungumzo ya familia.

---

MamaMkaaKimya

Naomba niulize hapo hapo, kama watu wanasema mwili wa mtoto wa kiume usiguswe mbona wengine wanakasirika ukilinganisha na wa kike?

---

nesi_wa_watoto

Kwa sababu ukeketaji hauna faida yoyote ya kiafya, hata moja, una madhara tu, mengine ya kufa wakati wa kujifungua. Tohara ya kiume ina faida kadhaa na hatari kadhaa, ndiyo maana watu wenye akili timamu wanabishana. Hoja ya ridhaa inagusa wote wawili, hilo nakubali, ila tusiviweke kwenye kapu moja, tutawapa nguvu wanaokeketa.

Na kwa kuwa tumefika kwenye hatari nizitaje, maana MkaziWaHuku umesema jambo dogo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka 2010 yalikuta kwa wachanga matatizo yoyote ni kama asilimia 1.5, kwa waliovuka mwaka mmoja ni kama asilimia 6. Mengi ni madogo, damu kidogo, uvimbe, maambukizi. Hapa una hoja ndugu Mkazi kwamba mdogo zaidi ni rahisi zaidi, sikatai. Lakini yakiwa makubwa yanakuwa makubwa kweli. Canada 1965 walizaliwa mapacha, familia ya Reimer, wakaambiwa wote wana fimosi, hawajafika hata mwaka! Wa kwanza akatahiriwa kwa kifaa cha umeme, uume ukaungua wote, wakashauriwa wamlee kama msichana, akateseka maisha yake yote mpaka alipojiua 2004. Pacha wake hakuguswa baada ya ile ajali, na fimosi yake ikaisha yenyewe. Kila nikisikia mtoto mdogo ameandikiwa kisu kwa sababu govi halirudi nawakumbuka wale wawili.

---

MkaziWaHuku

Hiyo ya mapacha nilikuwa siijui. Mimi bado wanangu ningewatahiri, ila nimerudi kusoma swali la dada na nakubali mwanae haumwi. Nilijibu haraka, samahani.

---

MamaKifunguaMimba

Nimesoma kila kitu, nimemsomea na mume wangu kwa sauti, ile ya miwani hakuweza kumaliza kusikiliza akatoka nje.

Mrejesho: juzi tumempeleka kwa daktari bingwa wa watoto. Safari hii nilimwambia mtoto mapema, dokta ataangalia, hatavuta, ukisema basi anaacha. Yule mama akakaa chini kabisa usawa wake, akamwambia mwanangu mwenyewe ashike, akamwelekeza asogeze kidogo mpaka pale panapokataa, akatazama na tochi sekunde chache basi. Akasema ngozi ni laini, tundu liko mahali pake, ule mchaniko umeshapona, punje ni kama alivyosema nesi. Hakuna ugonjwa, hakuna krimu, turudi tu kama mkojo utaanza kutoka kwa shida au ncha ikianza kuwa nyeupe na ngumu. Nikamuuliza na hili la kutoka damu kwenye familia, akaandika.

Mama mkwe tulikwenda naye kwa makusudi. Alisikia mwenyewe. Njiani alikaa kimya, alafu akasema basi likija suala la imani tutaongea kama suala la imani, na mimi nataka nisikilizwe. Mume wangu akamjibu sawa mama. Hatujamaliza, ila ni mara ya kwanza wanaliongea bila kununiana.

Nesi nina swali moja limebaki, sasa hivi mtoto amelizoea kulivuta vuta mwenyewe akiwa anaoga, nimkataze?

---

nesi_wa_watoto

Usimkataze. Yeye anajua linapouma na ataacha hapo. Mwambie tu akimaliza alirudishe mbele.